Kumheshimu Babu Aliyemmiliki Bibi

Wosia unaanza kwa jina la Mungu. Nyaraka nyingi za aina hiyo katika Virginia ya zamani zilianza hivyo, na karani wa mahakama aliyeunakili huu kwenye kitabu chake aliyapamba maneno ya kwanza kwa herufi kubwa zenye mikia. Mwenye wosia anamshukuru Mwenyezi kwa kumwachia akili timamu ingawa mwili umechoka. Roho yake anaikabidhi kwa Muumba, na mwili anautaka uzikwe kwa heshima ya Kikristo. Kisha anagawa mali. Mke atumie theluthi ya shamba maadamu yu hai, na achukue kitanda na godoro lake la manyoya. Binti apewe farasi jike. Mjukuu wa kiume apewe kipande cha ardhi kilicho ng'ambo ya kijito, pamoja na mwanamume mmoja chotara aliyetajwa kwa jina moja tu, ambaye, wosia unasisitiza, asiuzwe nje ya familia.

Mwanamume huyo chotara ni babu wa babu yake mama mkwe wangu. Mwenye wosia, kwa ushahidi wote tulioweza kuukusanya, ndiye baba yake mzazi. Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na familia haikulijua jina lake mpaka tulipolikuta kwenye karatasi za watu waliommiliki. Nyumbani tunamwita Bibi. Mwenye wosia tunamwita Askari, kwa kuwa alipigana katika vita vya uhuru wa Marekani. Majina yao kamili siyachapishi hapa, kwa sababu wazao wa pande zote mbili wako hai na si wote waliokwisha kukubali jambo hili lisemwe hadharani.

Amri inatutaka tuwaheshimu baba na mama. Katika kanisa nililokulia tulifundishwa kwamba amri hiyo inapanda juu, kwa wazazi wa wazazi, hadi kwa wale ambao nyuso zao hatukuziona. Wanangu wawili wamezaliwa Richmond, na damu ya hao watu wawili imo ndani yao. Mmoja alimmiliki mwenzake, akazaa naye, kisha akamrithisha mtoto waliyemzaa. Mtoto anayetaka kuitii amri afanye nini na wahenga wa namna hiyo? Akimheshimu Askari, je, hamtukani Bibi? Na akimkataa Askari, amekata kipande cha ukoo ambacho Mungu mwenyewe hakukikata.

Swali hili limenikaa rohoni kwa sababu nami natoka kwa watu walioandikwa kwenye orodha. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, karibu na Kengeleni. Upande wa mama yangu ni watu wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana kati ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua. Walibatizwa, wakapewa majina ya Kiingereza, na yale waliyokuja nayo mengi yakakomea hapo. Nikiwa mdogo niliwasikia wazee wakilitaja kabila la mama wa bibi yao kwa uhakika, na papo hapo wakashindwa kulitaja jina lake. Kwa hiyo nilipoolewa katika familia ya Wamarekani weusi, na mama mkwe akaniambia kwamba angependa kabla hajafa awajue watu wake, nilimwelewa bila kuelezwa zaidi. Sasa kazi yangu ni ukalimani mahakamani, hasa kwa Wakongomani waliokuja hapa kama wakimbizi. Kila siku ninaona jinsi karatasi inavyoweza kumwokoa mtu na jinsi inavyoweza kumfuta.

Mama mkwe, ninayemwita Mama, alikuwa na simulizi moja aliyoipata kwa baba yake: kwamba katika ukoo wao palikuwa na mtu aliyekuwapo Yorktown siku Waingereza waliposalimu amri, Oktoba 1781. Alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu huyo alikuwa mweusi. Weusi walipigana vita vile kwa maelfu. Kikosi cha Kwanza cha Rhode Island kiliandikisha watumwa mwaka 1778 kwa ahadi ya uhuru, na watu wake walikuwapo hapo hapo Yorktown. Mama alimsubiri babu wa namna hiyo maisha yake yote.

Anayetafuta wahenga huanzia kwa walio hai na kurudi nyuma bila kuruka kizazi. Kwa Wamarekani weusi njia hupitika mpaka mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika wote waliotoka utumwani kwa jina na ubini, na umri na kazi zao. Mwaka 1850 na 1860 zilikuwapo orodha za watumwa, lakini jina lililoandikwa ni la mmiliki. Chini yake zinafuata jinsia, umri na rangi, mstari kwa mstari, bila jina la mtu. Wengi hukwama hapo.

Sisi tulimpata babu yule chotara kwenye sensa ya 1870. Ana miaka 72, anafanya kazi ya shamba, hajui kusoma wala kuandika, anaishi kwa mwanawe. Ubini wake ni ule ule wa Askari, jambo ambalo peke yake halithibitishi kitu, maana walioachwa huru walichukua ubini kwa sababu nyingi. Kilichotuvusha ni daftari la 1866. Februari 27 mwaka huo Virginia ilipitisha sheria ya kuzitambua ndoa za weusi waliokuwa wakiishi pamoja kama mume na mke huku utumwa ukiwanyima cheti, na maofisa wakapita wakiwaandikisha. Madaftari yaliyosalia ni ya kaunti chache, na ya kwetu imo. Humo mume na mke wanaulizwa umri, walikozaliwa, majina ya watoto, na lile ambalo mtafutaji analihitaji kuliko yote: mmiliki wa mwisho alikuwa nani na anaishi wapi. Jibu la babu yule lilitupeleka moja kwa moja kwa mjukuu wa Askari, mwenye kile kipande cha ng'ambo ya kijito. Tukaufungua wosia, uliothibitishwa mwaka 1834, tukalikuta jina.

Mama aliusoma akanyamaza. Alipoinua uso alisema, "Basi huyu ndiye askari wetu." Kisha akaniambia, "Sasa nitafutie mama wa mtoto."

Bibi alipatikana kwenye kitabu cha hati za ardhi, na nawashauri wote wanaotafuta watu wa namna yake waanzie huko. Sheria ilimhesabu mtumwa kuwa mali ya kuwekwa rehani, kwa hiyo aliandikwa panapoandikwa mashamba. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1819 bei ya tumbaku ilianguka, na mwaka uliofuata Askari alimpa mdai wake dhamana: ekari zake, farasi wawili, na Bibi pamoja na wanawe wawili, mmoja wao akiitwa chotara. Shamba limeelezwa kama wapimaji wa siku zile walivyoeleza: linaanzia kwenye mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, linakwenda kaskazini kwa digrii kadhaa na fito kadhaa, kila fito futi 16 na nusu, mpaka kwenye jiwe la kona. Mwaloni una sentensi yake. Bibi ana jina na neno "mwanamke". Na bado hiyo ndiyo karatasi pekee duniani inayomtaja yeye na mwanawe pamoja, kama mama na mtoto, na iliandikwa ili mdai ajue cha kukamata.

Kutoka hapo tulirudi nyuma zaidi. Madaftari ya sensa ya kwanza, ya 1790, kwa upande wa Virginia yalipotea, na watafutaji hutumia orodha za kodi badala yake. Katika kaunti kadhaa orodha za miaka ya mwanzo ya 1780 ziliwaandika watumwa kwa majina, kwa sababu walitozwa kodi. Jina la Bibi limo katika ile ya 1783, chini ya baba yake Askari, kabla ya idadi ya farasi na ng'ombe. Baba huyo alipofariki mwaka 1791, wosia wake ulimpa Askari "msichana mweusi" huyo na uzao wake wote utakaokuja.

Nimekaa muda mrefu mbele ya kifungu hicho cha mwisho. Wanasheria wa wakati ule walikiandika kila siku bila kukitafakari. Lakini mtu aliyeanza wosia wake kwa jina la Mungu, kwa kifungu hicho, aliwagawa watoto ambao Mungu alikuwa hajawaumba. Waumini wa Virginia waliisoma Biblia. Waliijua ahadi aliyopewa Ibrahimu juu ya uzao wake, na walijua kwamba mwenye kuahidi juu ya wasiozaliwa ni Mungu peke yake. Kifungu kile kilichukua mamlaka hayo na kuyaandika kwenye kitabu cha kaunti, kati ya kitanda na majembe. Mama mkwe wangu, mume wangu na wanangu wamo ndani yake.

Sheria ya Virginia ya 1662 ndiyo iliyokiwezesha: mtoto alifuata hali ya mama yake, awe baba ni nani. Haikuwa lazima iwe hivyo. Pwani nilikozaliwa utumwa ulikuwapo na ulikuwa mchungu, lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake na kumkubali alikuwa huru, tena alirithi pamoja na ndugu zake. Virginia ilichagua kinyume chake. Baba aliweza kumtazama mwanawe akipalilia tumbaku na kumthamini kwa dola.

Kuhusu ubaba wenyewe, vinasaba vya Mama vinaoana na vya wazao wengi wa watoto halali wa Askari. Vinasaba peke yake vinaonyesha mwanamume wa familia ile bila kusema ni yupi. Lakini baba yake Askari alikuwa amekufa tangu 1791, ndugu yake wa pekee alihamia Kentucky na jina lake halimo tena kwenye kodi za 1795, na wanawe walikuwa watoto wadogo. Babu yetu alizaliwa karibu na 1798. Askari alikuwa na miaka 38, Bibi labda 18. Msichana ambaye kisheria hakuwa na uwezo wa kumkatalia bwana wake hakuwa na uwezo wa kumkubalia pia. Hilo nalisema wazi kwa wanangu, kwa maneno yanayolingana na umri wao.

Mtu huyu huyu ana karatasi nyingine, na ningefanya dhuluma kuificha. Juni 1832 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya pensheni iliyowahusu hata wanamgambo waliotumikia kwa vipindi vifupi. Wazee walisimama mbele ya hakimu wa kaunti na kusimulia vita vyao, karani akiandika. Simulizi ya Askari ni ndefu na nzuri. Aliitwa akiwa kijana wa miaka 20 na kitu. Alikuwa kwenye mapigano ya Guilford Courthouse, Machi 15, 1781, ambapo wanamgambo wa Virginia walisimama msituni kuwangoja askari wa Cornwallis, jenerali wa Waingereza. Alitembea bila viatu. Rafiki wa kijiji chake alianguka karibu naye, na miaka 51 baadaye bado anamtaja kwa jina na kusema alikuwa mwana wa nani. Kisha Yorktown. Nilimsoma nikamwonea huruma, nikamwonea na fahari. Alihatarisha uhai wake kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa jema kweli.

Sheria ilitaka mwombaji aulizwe maswali. Alizaliwa wapi na lini? Ana kumbukumbu ya umri wake, na iko wapi? Askari anajibu kwamba imeandikwa katika Biblia ya baba yake, ambayo sasa anayo yeye. Mchungaji mmoja na jirani mmoja wanatoa ushahidi kwamba ni mtu wa kuaminika. Siku hiyo, nyumbani kwake, Bibi alikuwa na umri ambao hakuna Biblia iliyouandika. Sensa iliyofanyika miaka miwili kabla ilimweka kwenye safu ya watumwa wa kike wa miaka 36 hadi 55, kwa tarakimu moja.

Kwa sheria hiyo hiyo ya 1832 mzee mwingine aliomba. Jehu Grant alikuwa mtumwa huko Rhode Island. Mwaka 1777 alimtoroka bwana wake akajiunga na jeshi la wapigania uhuru, akatumikia miezi kadhaa mpaka bwana wake alipomfuata na kumrudisha. Alipoomba pensheni alikuwa mzee, kipofu, anaishi Connecticut. Alikataliwa kwa sababu alipokuwa akitumikia alikuwa mtumwa mtoro. Mwaka 1836 aliandika tena kujieleza, akakataliwa tena. Askari wetu alipata pensheni yake mpaka kufa. Vita vilikuwa ni vile vile, na uhuru ulikuwa ni ule ule.

Watu wema huniambia tusimpime mtu wa jana kwa kipimo cha leo. Nakubali, na ndiyo maana nampima kwa kipimo cha majirani zake. Mwaka 1782 Virginia ilimruhusu bwana kumwacha mtumwa huru kwa hati ya mkono iliyoshuhudiwa na watu wawili. Mwaka 1784 Wamethodisti waliokutana Baltimore waliwaagiza waumini wao wawaache huru watumwa wao, ingawa kanuni hiyo ilisimamishwa kabla mwaka mwingine haujaisha. Mwaka 1791, mwaka ule ule Askari alipomrithi Bibi, Robert Carter III, mmoja wa matajiri wakubwa wa Virginia, aliyebatizwa na Wabaptisti mwaka 1778, aliandika hati ya kuwaacha huru hatua kwa hatua watu wake zaidi ya 450. Habari hiyo haikuwa siri. Mlango huo ulibaki wazi mpaka 1806, sheria mpya ilipomtaka kila atakayeachwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi 12. Askari alikuwa na miaka 15 ya kumwandikia Bibi karatasi moja, na miaka minane ya kumwandikia mwanawe. Alijua kuandika. Dhamiri yake, alipokuwa anakufa, ilimfikisha kwenye kuagiza tu kwamba mwanawe asiuzwe kwa wageni.

Sasa narudi kwenye amri. Nimesikia majibu mawili kanisani, na yote mawili nayaheshimu.

La kwanza alinipa mchungaji wetu, mtu mpole. Alisema Mungu anawajua walio wake. Jina la Bibi liko mikononi mwake, na kazi ya kulichimba kwenye vitabu haiongezi kitu. Naamini kwamba Mungu anamjua. Lakini katika Waraka wa Yakobo tunakemewa tukimwambia mwenye njaa aende kwa amani ashibe, huku hatumpi chakula. Ujuzi wa Mungu haukuwahi kututua mzigo wetu. Mungu alijua pia kwamba Bibi alikuwa utumwani, na waliotosheka na hilo ndio waliomwacha humo.

Jibu la pili ni la nabii Ezekieli, sura ya 18: mwana hatabeba uovu wa baba yake. Mume wangu huliegemea, na watu wa upande wa pili wa ukoo, wale weupe, huliegemea zaidi. Ni neno la kweli na la faraja. Wanangu hawana hatia ya Askari. Hata hivyo Biblia hiyo hiyo, katika Nehemia sura ya 9, inawaonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni wamesimama kuungama dhambi zao pamoja na maovu ya baba zao. Kwa muda nilishindwa kuyaoanisha. Wosia wenyewe ndio ulioniwezesha kuyaoanisha. Askari, kama walivyofanya waandika wosia wengi wa wakati wake, aliagiza kwamba kabla mrithi yeyote hajagusa kitu, madeni yake yote ya haki yalipwe. Huo ndio utaratibu wa mirathi kila mahali ninapopajua, wa Waingereza na wa Waislamu: mrithi hahukumiwi kwa makosa ya marehemu, lakini hawezi kuchukua mali na kuyaacha madeni. Hatia huzikwa na mwenye hatia. Deni hubaki kwenye mirathi.

Sisi tumerithi kitu kwa Askari. Tumerithi ubini, uraia wa nchi aliyoipigania, na fahari ya Yorktown ambayo Mama aliipokea kwa baba yake. Basi na deni linatuhusu. Alidaiwa na Bibi ujira wa maisha mazima, na huo hatuwezi kuulipa. Alidaiwa uhuru, na wakati wake umepita. Alidaiwa pia kumtambua kuwa mama wa mwanawe. Deni hili linalipika mpaka leo, kwa sababu linalipwa kwa ukweli, na ukweli ndicho kitu ambacho walio hai bado wanaweza kuwapa wafu.

Injili ya Mathayo inafungua kwa ukoo. Wengi wetu huuruka kwa kuona ni majina matupu. Mwandishi anapomfikia Daudi, mfalme aliyependwa kuliko wote, anaandika kwamba Daudi alimzaa Sulemani kwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Uria hakuwa mhenga wa Yesu. Hakuacha mtoto katika mstari ule. Alikuwa askari mwaminifu ambaye Daudi alimchukulia mke na kisha kumpanga mstari wa mbele ili afe. Mathayo angeweza kumwacha nje na ukoo usipungukiwe na kizazi hata kimoja. Amemweka, katikati ya ukoo wa Masihi, na hakumwondolea Daudi ufalme wala zaburi zake. Daudi ameheshimiwa kwa kutajwa pamoja na mtu aliyemdhulumu.

Tangu niisome hivyo nimepata kanuni ninayoweza kuishi nayo. Kumheshimu mhenga ni kumtaja yeye pamoja na Uria wake. Wanaomsifu Askari kwa Guilford na kumnyamazia Bibi hawamheshimu; wanaheshimu mtu waliyembuni, na marehemu halisi, aliye mbele za Mungu na matendo yake yote, hawataki kumjua. Wanaomtupa Askari kabisa nao wanampotezea Bibi shahidi wake mkuu, kwa kuwa kila tunachokijua juu yake tumekipata kwenye karatasi za Askari na za baba yake. Na Bibi tusimfanye kuwa dhuluma aliyotendewa na basi. Alimlea mtoto ambaye mwaka 1866, akiwa na miaka 68, alisimama mbele ya ofisa wa serikali na kumtambulisha mke wake kwa jina kamili, na watoto wao kwa majina na umri, wa mwisho hadi wa kwanza. Alikuwa hajui kusoma. Kumbukumbu hiyo ya ukoo aliibeba kichwani, na naamini aliyemfundisha kuibeba ni mama yake.

Kanuni hii ina gharama, na tumeanza kuilipa. Kwenye mkutano wa ukoo wa kiangazi, Mama alisoma simulizi ya pensheni, kisha akasoma hati ya rehani, kwa sauti ile ile. Mjomba mmoja aliondoka ukumbini kwa hasira, akisema hakuja kusikia habari za mzungu yule. Nilimwelewa, na Mama alimfuata nje wakazungumza. Upande wa pili, binamu mmoja mzee, mzao wa yule mjukuu wa ng'ambo ya kijito, alitujibu barua. Alitutumia picha ya ukurasa wa Biblia ambayo Askari aliitaja mahakamani. Wameandikwa watoto saba wa Askari, kila mmoja na saa aliyozaliwa. Mtoto wa Bibi hayumo. Binamu huyo aliuliza kama tungekubali aongeze karatasi ndani ya Biblia, yenye jina la Bibi na la mwanawe, iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Ndugu zake wawili wamempinga, na mazungumzo bado yanaendelea.

Shamba lenyewe sasa ni msitu wa misonobari ya mbao. Kaburi la Askari lina jiwe la serikali, lenye jina na vita alivyopigana. Chini ya mteremko, mahali ambapo mimea ya vinka imetambaa kama inavyotambaa kwenye makaburi mengi ya watumwa wa Virginia, kuna mawe ya shambani yaliyosimikwa wima, bila maandishi. Hatujui lipi ni la Bibi, wala hatutadai kulijua. Tunaomba ruhusa ya mwenye msitu kusimika jiwe moja kwa ajili yao wote, jina lake likiwa la kwanza na yale mengine tuliyoyapata kwenye hati ya 1820 na orodha ya 1783 yakifuata.

Binti yangu mkubwa atapewa kazi shuleni ya kuandika juu ya mhenga wake mmoja. Kila mtoto wa hapa huifikia. Nimemwambia kwamba anaruhusiwa kuandika juu ya Askari, na aandike kwa fahari habari za Guilford na Yorktown, kwa sharti kwamba ukurasa huo huo uwe na jina la Bibi, mwaka aliorithishwa, na jina la mtoto aliyemzaa. Akipunguziwa alama kwa kuzidisha urefu, nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu wake.